Kusomea Picha Mnato kama Sanaa: Mwongozo Kamili kwa Anayeanzia Bagamoyo

Kijana wa Bagamoyo akitamka nyumbani kwamba anataka kwenda chuoni kusomea picha, jibu la kwanza huwa ni swali: "Kwani picha nayo inasomewa?" Swali hilo lina haki yake. Kazi ya studio, yaani picha za pasipoti, harusi, mahafali na watoto siku ya Idi, hujifunzwa kwa fundi, na mwanafunzi mwepesi huimudu baada ya miezi michache ya kushika flashi na kubeba stendi. Kwa kazi hiyo, chuo hakitamwongezea mengi.

Anayesomea picha mnato kama sanaa hukutana na hali ambayo fundi hakumzoesha: hana mteja. Bwana harusi anajua anachotaka, na akishakipata hulipa na shughuli ikaisha. Chuoni hakuna anayekuagiza upige nini, lakini utakapoleta ulichopiga, darasa zima litakuuliza kwa nini umekipiga, kwa nini ulisimama upande ule, na kwa nini picha hii imewekwa baada ya ile. Mwongozo huu umepangwa ili kumwandaa mtu kwa maswali hayo, tangu kabla hajajaza fomu hadi siku anapotundika kazi yake ukutani.

Hatua ya kwanza: chagua chuo kwa kusoma mtaala

Mji wetu una bahati ya kuwa na taasisi ya sanaa mlangoni. TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ikageuzwa kuwa wakala wa serikali mwaka 2007, na sifa yake imejengwa na ngoma, maigizo, muziki na sanaa za ufundi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Sanaa Bunifu. Nje ya nchi, Afrika Kusini ina Market Photo Workshop ya Johannesburg, iliyoasisiwa na mpiga picha David Goldblatt mwaka 1989, ambayo imelea wapiga picha wengi wa bara hili.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika vyuo vingi vya kwetu picha mnato haisimami peke yake kama kozi. Hufundishwa ndani ya kozi pana zaidi, pamoja na uchoraji, usanifu wa michoro, filamu au uandishi wa habari. Hilo lisikuvunje moyo, kwani mpiga picha aliyekaa miezi kadhaa akichora kwa penseli huliona umbo kwa namna ambayo mwenzake aliyeshika kamera tu haioni. Ila usijiandikishe kwa kufuata jina la kozi. Nenda ofisini uombe mtaala wa mwaka husika, kisha uliza ni muhula upi unashika kamera, ni saa ngapi kwa wiki, nani anafundisha na yeye mwenyewe amewahi kuonyesha kazi gani, na kama mwanafunzi humaliza kwa mtihani wa karatasi au kwa maonyesho. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo linaloeleza chuo kinaitazama picha kwa jicho gani.

Kuhusu sifa za kuingilia, ngazi za cheti na stashahada nchini, yaani ngazi ya 4 hadi ya 6 chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, kwa kawaida hudai ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini. Shahada hudai ufaulu wa kidato cha sita au stashahada. Kozi za sanaa zinaweza kuongeza usaili wa kuona kazi zako, na hapo ndipo maandalizi ya kweli yanapohitajika.

Hatua ya pili: kamera uliyonayo itoshe kwanza

Nitapita haraka hapa kwa sababu wanaoanza huliongelea jambo hili kupita kiasi. Picha iliyosafishwa kwa ukubwa wa sentimita 20 kwa 30, kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, inahitaji takribani pikseli milioni 8.4 tu, na simu nyingi za siku hizi zinazidi hapo. Utakapoweza kununua kamera, tafuta ya mtumba inayokuruhusu kupanga mwenyewe tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), pamoja na lenzi moja isiyovuta, ya milimita 35 au 50. Lenzi isiyovuta itakulazimisha kutembea, na mpiga picha asiyetembea hujifunza polepole.

Gharama inayosahaulika pwani ni chumvi na unyevu. Upepo wa bahari huacha ukungu wa chumvi juu ya kioo, na ukiufuta kwa pindo la shati unakwangua. Puliza kwanza, kisha tumia kitambaa laini cha lenzi. Ukifika nyumbani usiifungie kamera kwenye begi lenye jasho. Iweke katika chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, la sivyo kuvu itaota ndani ya lenzi na fundi wa kuisafisha si rahisi kumpata.

Hatua ya tatu: soma mwanga wa mji wako

Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa nchi ambazo jua hulala chini upeoni kwa saa nyingi. Huku tuliko, takribani nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta, jua hupanda kama ngazi iliyosimamishwa wima. Bagamoyo hutazama mashariki, hivyo jua huchomoza baharini, kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika chache mwezi Novemba na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi mwezi Julai. Mwanga laini wa asubuhi haudumu hata saa nzima. Mwanzoni mwa Machi, na tena wiki ya pili ya Oktoba, jua la mchana hupita karibu kabisa juu ya utosi, na mtu aliyesimama uwanjani hukikanyaga kivuli chake. Ukimpiga picha wakati huo macho yake yatageuka mashimo mawili meusi.

Fanya zoezi hili kabla hujaomba chuo. Chagua mlango mmoja wa nakshi katika mji mkongwe, simama mahali pamoja, na uupige kila saa tangu alfajiri hadi magharibi. Mimi nilichagua mlango uliotazama baharini. Saa moja asubuhi mwanga uliingia ubavuni, kila jani lililochongwa likawa na kivuli chake chembamba, na misumari ya shaba ikang'aa mmoja mmoja. Saa nne mlango ulikuwa bapa kama kalenda. Saa tisa jua lilikwisha kuhamia nyuma ya nyumba, mlango ukabaki kivulini, nikauona ufa uliopita katikati ya ubao wa kushoto ambao asubuhi yote sikuuona. Ni mlango uleule, lakini kila saa ulieleza habari nyingine, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba saa ya kupiga ni uamuzi wa msanii sawa na upande wa kusimama.

Sambamba na hilo, jifunze jinsi kamera inavyodanganyika. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kwamba kila inachokiona, kikikusanywa pamoja, kina wastani wa kijivu. Ukuta wa chokaa ukijaa kwenye fremu, kamera huupunguzia mwanga ukatoka kijivu. Mzee mwenye kanzu nyeupe akiegemea ukuta huo, uso wake huzama gizani kabisa. Dawa yake ni kusogea, kupima mwanga wa uso peke yake, kurudi nyuma na kupiga kwa kipimo hicho, au kuongeza hatua moja ya mwanga, yaani mwanga mara mbili, juu ya ile iliyopendekezwa na kamera.

Jambo hili lina historia ambayo mwanafunzi wa sanaa anapaswa kuijua. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley, na ngozi nyeusi ikachukuliwa kama kosa la kurekebishwa baadaye. Kwa hiyo unapomhariri dada yako kwenye kompyuta na kumng'arisha hadi amekuwa rangi ya chai ya maziwa, ukasema "amependeza", darasani utaulizwa umempendezesha kwa kipimo cha nani.

Hatua ya nne: tengeneza potifolio (mkusanyiko wa kazi zako) ya mahali pamoja

Nilipokwenda kwenye usaili wangu wa kwanza nilibeba picha 40 nilizoziona bora: jua linachomoza, mashua, magofu ya Kaole, Ngome Kongwe, kanisa la misioni iliyoanzishwa mwaka 1868. Aliyenisaili alizipitia zote bila neno, akazipanga kama karata, akasema: "Hizi angeweza kuzipiga yeyote aliyeshuka kwenye basi leo asubuhi." Sikuchaguliwa. Niliumia, ila alikuwa amesema kweli. Mji huu ulipigwa picha tangu enzi ulipokuwa makao makuu ya Wajerumani, kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891, na wageni wameendelea kupiga vitu vilevile kutoka pembe zilezile. Mwenyeji anayepiga kadi ya posta anajiazima jicho la mgeni.

Mwaka uliofuata nilikwenda na picha 15 za mnada wa samaki peke yake, zilizochujwa kutoka miezi mitatu ya kwenda na kurudi. Njia niliyoifuata ni hii, na unaweza kuihamishia sokoni, stendi ya mabasi, saluni au jikoni kwa bibi yako.

Wiki mbili za kwanza usitoe kamera kabisa. Kaa, nunua chai, jua nani ni dalali, nani nahodha, nani anadaiwa na nani. Ufukweni utagundua haraka kwamba ratiba haifuati saa ya ukutani bali maji. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wake husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo picha uliyoikosa Jumatatu alfajiri haitakungoja Jumamosi saa hiyohiyo. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hukimbia mbali na vyombo hulala ubavu juu ya tope. Wakati wa maji mafu bahari haisogei sana na vyombo huelea karibu. Mvuvi atakueleza haya kwa dakika tano, na daftari lako liyaandike.

Baada ya hapo anza kupiga, kwanza kwa mbali, halafu karibu. Katika mwezi wa pili nilichoka na malundo ya samaki, nikaanza kutazama mikono. Mama mmoja mkaanga samaki alikuwa amefunga pesa katika pindo la khanga, fundo dogo lililokaza kama kokwa. Dalali alipotaja bei ya mwisho, mama hakumjibu. Alianza tu kulifungua lile fundo kwa vidole viwili, taratibu, na vidole vile vilikuwa na magamba yaliyokauka na alama ya mafuta ya moto juu ya gumba. Dalali alitazama vidole, akashusha bei kabla fundo halijafunguka. Katika picha hiyo hakuna samaki hata mmoja, lakini mnada wote umo.

Kuchuja ndiyo nusu ya kazi. Safisha picha zote unazozifikiria kwa ukubwa mdogo, za bei nafuu, uzitandaze juu ya mkeka. Ondoa kwanza zinazosema jambo moja. Bakisha iliyo na nguvu zaidi hata kama nyingine ni nzuri kwa rangi. Kisha zipange, ukiangalia picha ya kwanza inamfungulia mtazamaji mlango gani na ya mwisho inamwacha wapi. Ziache mkekani siku mbili. Ile utakayoona haya kuitetea mbele ya mtu, itoe.

Hatua ya tano: omba, na ueleze

Adabu ya kupiga picha katika mji wetu haianzi na kamera. "Shikamoo mzee" inatangulia, habari za nyumbani zinafuata, na ombi linakuja la tatu. Eleza kwamba unasoma, kwamba picha itaonyeshwa chuoni, na kwamba nakala italetwa. Watu wengi hukataa kwa sababu wamepigwa mara nyingi na wasiowarudishia kitu, nahodha mmoja aliniambia, "Mwanangu, sura yangu imefika Ulaya, mimi sijaiona." Anayekataa mwache, na usimvizie kwa lenzi ndefu. Kwa mtoto, ongea na mzazi au mlezi. Msikitini, msibani na ndani ya nyumba za watu, ruhusa ya mtu mmoja haitoshi kwa wote waliopo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu pale picha inapomtambulisha mtu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha zako mwenyewe. Andika makubaliano kwa Kiswahili chepesi, nusu ukurasa, yenye tarehe na sahihi. Kwenye maeneo ya kihistoria ulizia utaratibu na ada mapema, na maeneo ya ulinzi yapite bila kuinua kamera.

Hatua ya sita: tazama kazi za waliotangulia

Usiingie chuoni ukidhani historia ya picha ni ya Ulaya peke yake. Ng'ambo ya maji tu, Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na studio hiyo ikaandika kwa picha maisha ya Wazanzibari kwa miongo mingi. Huko Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Alipiga zaidi kwa mwanga wa jua, na kwa kubana matumizi alimpiga kila mteja picha moja tu. Nyuma ya mteja alitundika kitambaa chenye maua, na mteja naye alikuja na gauni lenye maua, hivyo mtu na pazia vikakaribia kushikana, na uso pekee ukabaki umetulia katikati ya maua yaliyovurugana. Mwenzake wa Bamako, Malick Sidibé, aliyepiga vijana kwenye dansi za usiku, alitunukiwa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2007, na alikuwa mpiga picha wa kwanza kupewa heshima hiyo ya kazi ya maisha.

Kutazama kuwe kwa mikono. Tundika khanga mbili barazani, mahali penye kivuli na mwanga wa ua, mketishe shangazi yako mbele yake akiwa amejitanda khanga ya tatu, ujipe ruhusa ya kubonyeza mara moja tu kwa siku, kwa siku saba. Siku ya tatu utaanza kumwelekeza kidevu na mikono kabla ya kubonyeza, na utaelewa kile ambacho kadi yenye nafasi ya picha elfu mbili imekupokonya.

Hatua ya saba: kaa kwenye kikao cha uhakiki

Hiki ndicho kiini cha masomo, na ndicho kinachowakimbiza wengi muhula wa kwanza. Kazi yako hubandikwa ukutani, wewe unakaa, na wenzako wanaisema. Kosa la aliyetoka kwenye harusi ni kuanza kueleza kabla hajaulizwa: siku ile mvua ilinyesha, kamera ilikuwa ya kuazima. Nyamaza. Andika kila neno, hasa yale wanayoyaona ambayo hukuyakusudia, kwa kuwa picha itakapotundikwa mbali hutakuwapo kuifafanulia. Zamu yako ikifika, jibu kwa kuonyesha: "Nilikata kichwa hapa ili macho yaende mikononi." Ukishindwa kujibu, sema hujui bado, walimu wengi huliheshimu jibu hilo kuliko maneno makubwa.

Ukiwa wewe ndiye mhakiki, jizuie kusema "nzuri" au "sijaipenda". Taja kwanza kilichomo, mwanga unatoka wapi, jicho linaingilia wapi na kukwama wapi, ndipo utoe maoni. Tabia za pwani zinatufundisha kusitiri, na kumsema mtu mbele za watu kunatuwia vigumu. Nimeona darasa zima likinyamaza kwa adabu na mwenye kazi akaondoka mtupu. Istahi mtu, lakini picha isemwe.

Hatua ya nane: andika maelezo ya kazi

Kila mfululizo hudaiwa maelezo ya msanii, kama maneno 150. Andika ulipiga nini, wapi, kwa muda gani na ulikuwa unatafuta nini. Yaandike kwa Kiswahili kwanza hata kama chuo kinataka Kiingereza, kwa sababu wanafunzi wengi hukimbilia maneno ya kigeni wasiyoyamiliki. Kama mvuvi uliyempiga hawezi kuyaelewa maelezo yako ukimsomea, yarudie.

Hatua ya tisa: lipia masomo bila kuchanganya daftari

Ada, nauli na kusafisha picha hazilipwi na sanaa katika miaka ya kwanza, na hakuna aibu kuendelea na harusi siku za Jumamosi. Tenganisha tu mafaili, kadi na siku. Hifadhi kazi ya chuo mahali pawili kila jioni, kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje inayolala nyumba nyingine. Nilipoteza wiki sita za kazi kwa kadi moja iliyofutwa ili kupisha mahafali.

Hatua ya kumi: tundika

Wiki tatu kabla ya maonyesho, safisha picha moja ya majaribio na uitazame katika chumba chenyewe, kwa kuwa kioo cha simu hung'aa na karatasi haing'ai. Mara nyingi utalazimika kuongeza mwanga kidogo. Karatasi isiyong'aa hufaa zaidi penye madirisha makubwa. Pima ili katikati ya kila picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, na acha nafasi sawa kati yake. Kwenye nyumba za mawe na chokaa usipigilie misumari: plasta itamomonyoka na mwenye nyumba hatakusamehe. Funga waya mwembamba kutoka boriti hadi boriti, ning'iniza picha kwa vibanio, na uzifunge kwa chini pia, maana kusi likivuma alasiri picha zitageuka zote zitazame ukuta.

Siku ya kuzishusha, bahasha ziwe tayari, kila moja na jina la mwenye sura nyuma yake. Zipeleke wewe mwenyewe, maji yakiwa yamejaa na vyombo vimerudi.